Ukija Kigali na Watoto, Ulale Wapi?

Watu wa Dar es Salaam wanaijua raha ya kulala jirani na mchezo. Pale Kunduchi, hoteli na bustani ya maji ya Wet 'n' Wild vimepakana. Mtoto anatoka kitandani akiwa na kaptula yake ya kuogelea, na mzazi akichoka anarudi chumbani kwa miguu. Wamarekani wamelifikisha jambo hilo mbali zaidi. Walt Disney alipofungua Disneyland huko California mwaka 1955, wenye hoteli waliizunguka haraka na kuvuna fedha za wageni wake. Alipoitaka Florida, kampuni yake ilianza kwa kununua ardhi kimyakimya, hekta elfu 11 hivi, na bustani ilipofunguliwa Oktoba 1971 hoteli zilikuwa ndani ya mipaka yake, moja ikipitiwa na treni katikati ya jengo. Kuanzia hapo ushauri wa safari za watoto ukawa ni ule ule kila mahali: lala karibu na geti.

Ushauri huo ukiuleta Kigali utakupoteza, maana Kigali haina geti. Michezo yake imetawanyika juu ya vilima na ndani ya mabonde. Bustani ya ardhi oevu ya Nyandungu, yenye hekta 121, iko mashariki kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Farasi na kamba ya kuteleza hewani viko Fazenda Sengha, juu ya Mlima Kigali, magharibi kabisa. Kijiji cha Umusambi, wanapotunzwa korongo taji waliookolewa majumbani na mahotelini, kiko mashariki zaidi, ukishaupita uwanja wa ndege. Maktaba ya Umma na nyumba ya sanaa ya Inema ziko Kacyiru. Simba na vifaru wako Akagera, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Hakuna kitanda kilicho karibu na vyote hivi, na anayekuambia kipo anauza chumba.

Kwa hiyo usiulize ni malazi gani yaliyo karibu na bustani. Jiulize watoto watafanya nini kuanzia saa kumi jioni, mkisharudi mmechoka, mmoja anataka wali, mwingine analia usingizi na wa tatu bado ana nguvu za kukimbia. Mkiwa kwenye chumba cha hoteli ya katikati ya mji, saa hizo ni za runinga na kugombania simu ya mama. Mkiwa kwenye nyumba yenye uwanja mdogo na jiko, ni saa za kawaida za nyumbani.

Ndiyo maana kwa familia ya watu wanne au zaidi, inayokaa siku tatu kwenda mbele, mimi napendekeza Kagugu.

Kagugu ni wapi, na kwa nini huko

Kagugu ni seli katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji. Majirani zake ni Gisozi, Gacuriro na Batsinda, na Nyarutarama haiko mbali. Si mtaa wa watalii. Ni mtaa wa makazi: nyumba zenye kuta na mageti, maduka madogo ya mkate, mayai na vocha, saluni, na wanafunzi waliovaa sare wakipanda na kushuka kilima asubuhi na jioni. Nyumba nyingi hupangishwa zikiwa na samani kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa Wanyarwanda wa ughaibuni wanaorudi likizo, na kwa wageni wa wiki moja au mbili. Familia inafaidika na soko hilo.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya vyumba. Hoteli huuza chumba kwa watu wawili. Ninyi mkiwa watano mtahitaji vyumba viwili, na mara nyingi havifuatani. Baba atalala na wavulana ghorofa ya tatu, mama na mtoto mchanga ghorofa ya pili, na kifungua kinywa mtakutana kama wajumbe wa semina. Nyumba ya vyumba vitatu Kagugu inawaweka chini ya paa moja, na bei yake kwa usiku mara nyingi haizidi ya vyumba viwili vya hoteli ya heshima.

Sababu ya pili ni barabara. Ukitoka Kagugu kwenda Nyandungu hulazimiki kupita katikati ya mji: unapita Gacuriro na Nyarutarama, unatokea Remera, kisha unashika barabara ya uwanja wa ndege. Kama hakuna foleni ni nusu saa hivi. Hospitali ya Kibagabaga iko upande huo huo wa jiji, na ya King Faisal iko Kacyiru. Mzazi mwenye mtoto wa pumu au homa za ghafla anaelewa kwa nini nazitaja kabla ya migahawa. Siku mkienda kaskazini, Musanze au Rubavu, mnateremkia Gisozi hadi Nyabugogo na kuingia barabara kuu bila kuugusa mji.

Mlima Kigali ndio wenye usumbufu. Kwenda Fazenda Sengha kutoka Kagugu ni kulikata jiji lote na kupanda kupitia Nyamirambo. Ipangie asubuhi, na ikiwezekana siku isiyo ya kazi. Kurudi saa kumi na moja jioni, wakati ofisi zinatoka, kunaweza kuwala karibu saa nzima, na watoto waliopanda farasi wote watakuwa wamelala kwenye gari.

Kuna jambo moja zaidi linaloipa Kagugu faida, ingawa si la burudani. Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uko Gisozi, jirani kabisa. Ulifunguliwa 2004, hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Mtu mzima anayekuja Kigali asiondoke bila kufika. Lakini ndani kuna chumba cha kumbukumbu ya watoto waliouawa, kila mmoja na picha yake, na sidhani kwamba mtoto wa miaka saba anapaswa kukiona kati ya kubembea na aiskrimu. Mkiwa Kagugu tatizo hilo ni jepesi. Mmoja wenu anakwenda asubuhi, mwingine anabaki nyumbani na wadogo, kisha mnabadilishana. Vijana wa sekondari waende na mzazi, na wapewe muda wa kukaa kimya bustanini kabla ya kurudi.

Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba

Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, na ndipo penye kazi hasa. Picha za mtandaoni huonyesha kochi na kitanda. Hazionyeshi kilima.

Kigali imejengwa juu ya miteremko, na Kagugu ni hivyo hivyo. Kiwanja hukatwa ubavuni mwa kilima kama ngazi: juu kuna ukuta unaozuia udongo, chini kuna ukuta mwingine, na mara nyingi upande wa pili wa huo wa chini ni shimo la mita tatu au nne hadi kwenye paa la jirani. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ukuta wa chini una urefu gani kwa upande wa ndani? Ukiwa unafika kwenye goti la mtu mzima, na mwanao ana miaka minne, achana na nyumba hiyo hata kama bei ni ya kutupa. Ulizia pia roshani. Wajenzi wengi hupenda vyuma vilivyolazwa, vinavyopendeza machoni, lakini kwa mtoto hizo ni ngazi za kupandia. Vilivyosimama, tena vilivyokaribiana, ndivyo vya familia. Halafu nje ya geti kuna mitaro ya maji ya mvua. Jiji limeijenga vizuri kwa mawe, ina kina, na sehemu nyingi haina mfuniko. Mtoto aliyezoea barabara tambarare za Mombasa anahitaji kuonyeshwa mtaro siku ya kwanza, kabla hajaanza kukimbiza mpira.

La pili ni njia ya kufika. Barabara kuu ya Kagugu ni ya lami, lakini ukiingia vichochoroni utakuta mawe yaliyopangwa, au udongo mwekundu. Udongo huo mvua ikinyesha huteleza, na gari dogo la teksi likiwa na watu watano na mabegi hukataa kupanda. Dereva atawashusha chini, mtamalizia kwa miguu. Muulize mwenyeji waziwazi: teksi ndogo inafika getini wakati wa mvua? Mvua za masika zinaanzia Machi hadi Mei, za vuli kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Mkija Julai swali hilo halina uzito sana, vumbi ndilo litakalowasumbua.

La tatu ni maji. Juu ya vilima maji ya bomba yanaweza kukatika siku nzima au zaidi, hivyo nyumba ya maana ina tangi lake na pampu. Usiulize kama kuna maji, kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Uliza tangi ni la lita ngapi na pampu inatumia umeme wa nani. Umeme wa Kigali ni wa kulipia kabla, watu wanauita Cash Power, unanunuliwa kwa simu na kuingizwa kwa namba kwenye mita. Kubalianeni mapema nani analipa. Kuna wenyeji wanaoacha mita ikiwa na kiasi kidogo tu cha kuonja, na heta ya maji ya kuoga inakimaliza usiku wa kwanza. Hakikisha pia mtungi wa gesi umejaa.

Maji ya moto si anasa hapa. Jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kwa mtoto wa Tanga hiyo ni baridi ya kutetemeka. Leta sweta na soksi, na uombe blanketi la ziada kwa kila kitanda. Vyandarua navyo viwepo. Ubaridi hauondoi mbu, na mabonde yana maji.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ubaridi, usiongeze hata faranga moja kwa ajili ya bwawa la kuogelea. Mengi hayapashwi moto. Kwenye picha linang'aa, watoto wanaruka ndani kwa kelele, na robo saa baadaye wako juu ya taulo wakigonganisha meno. Hoteli kadhaa jijini hupokea waogeleaji wa kutwa kwa malipo. Ile ya La Palisse iko hapo hapo Nyandungu, ina bwawa na uwanja wa kuchezea, kwa hiyo siku moja yenye jua mnaweza kuunganisha bustani na kuogelea. Nyumba yenye bwawa lisilo na uzio, mkiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, itawanyima usingizi watu wazima wote.

Mwisho ni kelele. Kagugu kwa kawaida ni tulivu, lakini baa moja jirani inatosha kuharibu wiki. Tangu Septemba 2023 sehemu za starehe nchini Rwanda zinatakiwa kufunga saa saba usiku siku za kazi, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Kwa mtoto aliyelala saa mbili hiyo bado ni usiku mrefu. Muulize mwenyeji kuna baa au ukumbi gani mtaani, kisha uangalie mwenyewe kwenye ramani ya simu.

Fedha na karatasi

Anwani za Kigali zina herufi za kukusaidia. KG ni Gasabo, KN ni Nyarugenge, KK ni Kicukiro. Tangazo linalosema nyumba iko Kagugu lakini anwani inaanza na KK linadanganya au limekosewa. Omba mwenyeji akutumie alama ya mahali kwenye ramani, si jina la mtaa tu, kwa kuwa "Kagugu" kwenye matangazo hunyooshwa hadi Batsinda na mbele yake.

Kabla ya kutuma fedha, omba simu ya video. Mwambie afungue bomba la jikoni, awashe jiko, atembee hadi ukuta wa chini na atoke nje ya geti uione barabara. Mwenye nyumba ya kweli hataudhika. Anayesema yuko safarini, mtandao ni mbaya, lakini anataka nusu ya malipo leo, mwache. Mkilipa amana, ilipwe kwa njia inayoacha risiti yenye jina lake. Malazi ya wageni Rwanda yanatakiwa kuwa na leseni kutoka Bodi ya Maendeleo, RDB, na si ujeuri kuiulizia.

Uliza pia kama bei inayotajwa ni ya mwisho. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na tangu Julai 2025 kuna kodi ya utalii ya asilimia 3 juu ya bei ya malazi. Tofauti hiyo kwa familia ya wiki nzima ni fedha za siku moja ya matembezi.

Wakenya na Waganda wanaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Watoto hawana kitambulisho, kwa hiyo pasipoti ya kila mtoto ndiyo njia isiyo na mjadala mpakani, na mzazi anayesafiri peke yake abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya mwenzake. Usifungashe nguo wala nepi kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku tangu 2008, na wakaguzi wa Rusumo, Gatuna na uwanja wa ndege hawana mzaha.

Siku za kuepuka na siku za kuzitafuta

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na barabara huwa tupu. Msipange kuhama nyumba wala kwenda Akagera asubuhi hiyo. Nunueni maziwa na mkate Ijumaa. Mkipenda tokeni mtaani mshike ufagio pamoja na majirani. Mgeni anakaribishwa, na mtoto wa miaka kumi atakumbuka hilo kuliko bembea.

Jumapili mbili kila mwezi kuna siku isiyo na magari, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Barabara kubwa za Gishushu na kituo cha mikutano hufungwa, na jiji zima hutoka kukimbia na kuendesha baiskeli. Ni burudani ya bure, na kwa maoni yangu ndiyo burudani bora kabisa ya watoto Kigali. Ukichagua tarehe za safari, jitahidi Jumapili moja kati ya hizo iangukie ndani.

Aprili inahitaji adabu ya pekee. Wiki ya tarehe 7 hadi 13 ni ya maombolezo ya kitaifa. Muziki wa sherehe hauruhusiwi, na sehemu nyingi za starehe hufungwa. Wazazi wa Kenya ambao shule zao hufunga Aprili waliangalie hilo kwanza. Kuja wiki hiyo si kosa, ila usije ukitafuta michezo.

Kutembea kutoka nyumbani

Pikipiki za Kigali hubeba abiria mmoja tu, na kofia ngumu ni lazima. Ile mishikaki ya Dar, baba na watoto wawili nyuma ya bodaboda, hapa inaishia mikononi mwa polisi baada ya mita mia mbili. Kwa hiyo bajeti ya familia iwe ya teksi. Zipo za kuita kwa simu, kama Yego, na Kagugu zinafika bila shida, ingawa usiku wa mvua utasubiri. Kwa safari ndefu, elewana na dereva mmoja kwa kutwa. Mabasi yapo, yanalipiwa kwa kadi ya Tap&Go, na kwa watoto wakubwa ni matembezi yenyewe, lakini asubuhi na jioni yanajaa.

Wenye gari lao kutoka Tanzania, Kenya au Uganda wakumbuke kwamba Rwanda inaendesha upande wa kulia. Dereva huzoea baada ya saa chache. Mtoto anayevuka barabara ndiye anayesahaulika: amefundishwa kutazama kulia kwanza, na hapa gari la kwanza linatokea kushoto. Fanyeni mazoezi pale mbele ya geti, siku ile ile mnayomwonyesha mtaro. Na dereva apunguze mwendo. Kamera za barabarani, ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofiya, hazina huruma kwa namba za kigeni.

Kuhusu chakula sina mengi. Soko kubwa la upande huu ni Kimironko, na lina kila kitu kuanzia matunda hadi samaki wa maji baridi. Kwa siku za uvivu kuna maduka makubwa, na kuna vibanda vya maziwa vya Inyange, ambako mtoto hupewa kikombe cha maziwa baridi au mgando kwa bei ndogo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na madereva na wachuuzi wengi wanakisikia. Mwenye duka wa Kagugu anaweza kukujibu kwa Kinyarwanda. "Murakoze" na tabasamu vitamaliza kazi.

Akagera ni safari ya kutwa inayowezekana kwa watoto wa miaka minane na zaidi, mkiondoka saa kumi na moja alfajiri. Simba walirudishwa huko 2015, vifaru weusi 2017. Kwa watoto wadogo zaidi, saa tano za barabarani kwa siku moja ni adhabu; laleni huko usiku mmoja, au muiache. Na msihamie Musanze kwa tamaa ya sokwe wa milimani kama mna watoto: aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata msituni.

Kwa nani Kagugu haifai

Familia ya Kiislamu inayotaka msikiti wa kwenda kwa miguu, nyama halali bila kuuliza, na Kiswahili kila kona, ikae Nyamirambo. Msongamano ni mkubwa na nyumba zenye uwanja ni chache, lakini mtaa una uhai hadi usiku, chai na chapati za Biryogo ziko karibu, na Mlima Kigali uko juu yenu. Kwa walio wawili na mtoto mmoja mchanga, hoteli ya Kimihurura au Kacyiru ina unafuu: hamhitaji vyumba vitatu, mnahitaji mtu wa kubadilisha shuka na chakula kinacholetwa mlangoni. Bibi au babu mwenye magoti mabovu naye ahesabiwe. Kagugu ni kupanda na kushuka, na nyumba yenye ngazi ishirini kutoka geti hadi sebuleni itamfunga ndani wiki nzima. Mtafutieni nyumba ambayo gari linasimama usawa wa mlango, hata ikibidi kulipa zaidi.

Na kama mnapita usiku mmoja tu kabla ya ndege ya alfajiri, Kagugu haina maana. Laleni Remera au Kanombe, karibu na uwanja.